Wadogo zangu, acheni kusugua medali

Kila nikikaa na vijana wapya wa kukusanya medali za zamani nakuta Brasso, ile dawa ya kung'arisha shaba, na kitambaa mezani, halafu wanasubiri nisifie mng'aro. Nawapenda ndio maana napiga kelele.

1. Anzeni na ukingo. Nyinyi mnaangalia uso wa Malkia na utepe tu, mara mnauliza bei. Geuza pembeni, tafuta namba, cheo, jina, kikosi. Medali nyingi za vita za Waingereza za karne ya 19 zina jina pale, na bei iko pale.

2. Msisugue. Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna kijana wetu, mtu wa adabu na jicho lake zuri kweli, alipata East and West Africa Medal, medali ya Waingereza ya vita vyao vya Afrika, ya fedha, milimita 36, juu haina baa hata moja, yaani kile kipande cha chuma cha kwenye utepe chenye jina la vita. Muuzaji akamwambia hii pungufu akampunguzia, yeye akafurahi, na kabla hajamuonesha mtu yeyote akaipeleka kwa sonara ikapigwa mashine ikarudi inawaka kama kijiko cha harusi. Sasa vita vya Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid kule nyuma ya Mombasa mwaka 1895, ambavyo hata askari wa Sultani kutoka hapa Unguja walikwenda, havikufanyiwa baa kama Witu 1890 au Witu ya Agosti 1893. Viliandikwa ukingoni tu, Mwele na miaka yake! Kwa hiyo ile haikuwa pungufu hata kidogo. Tulikaa nayo barazani tunaigeuza geuza juani, tukaona mguu wa M na nane moja, jina la mwenyewe limekwenda na vumbi la sonara na halirudi. Iliniuma mno, maana aliyepigana pale alikuwa na jina lake na lilikaa pale zaidi ya miaka mia. Kijana akaniuliza kama linaweza kuchorwa upya. Nikamwambia hapana, ukilichora upya ushakuwa muongo.

3. Ukiletewa hiyo East and West Africa ina baa ya Zanzibar 1896, rudisha. Vita vya hapa Unguja vya 27 Agosti 1896 havina baa kwenye medali ile.

4. Victory Medal ya Waingereza ya vita ya kwanza ni ya shaba, anayekuuzia ya "fedha" mwage.

5. Msiweke kwenye vile vimfuko laini vya plastiki ya PVC, kwa joto letu na chumvi ya bahari shaba inatoa ukijani.

6. Burma Star na Africa Star, zile nyota za vita ya pili za askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), zilitolewa bila jina, kwa hiyo ukienda Wete au Chake kule Pemba ukakuta familia ina ya babu yao, usianze na bei. Kaa, kunywa chai, uliza picha, barua, karatasi ya kutoka jeshini, andika jina na kikosi wanavyokutajia wao, maana vikitengana na ile nyota hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Na wakisita kuuza waacheni nayo, jamani, mbona haraka.

Anayetaka nimsomee ukingo anitumie picha, lakini piga mchana karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, zungusha kidogo kidogo upate herufi zote, na usiifute kwanza.