Saba Saba ya Tanzania na ya Kenya si moja

Ndugu, umeuliza kwa nini Saba Saba Watanzania wanakwenda maonyesho ya biashara na Wakenya wanaandamana. Tarehe ni moja, mambo ni mawili. Tanzania inakumbuka kuzaliwa kwa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, Julai 7, 1954. Kenya inakumbuka Julai 7, 1990: wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Wakakamatwa siku chache kabla. Watu walijitokeza hivyo hivyo, na wengine walipoteza maisha, hilo tusilisahau kamwe. Desemba 1991 kifungu cha katiba ya Kenya kilichoruhusu chama kimoja tu kikafutwa. Na tangu 2022, tarehe hiyo hiyo ni Siku ya Kiswahili Duniani, kwa uamuzi wa UNESCO.