Risasi, masika na stoo iliyopakana na zizi

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Kibosho, nina raifo ya .30-06 yenye kibali, niliyomilikishwa baada ya mzee wangu kufariki. Nimekuwa nikiangalia video za Wamarekani wanaojaza risasi nyumbani wakati wa baridi, mamia kwa mkupuo mmoja. Mimi pia maganda ya risasi nilizokwisha kupiga sijayatupa. Nimeyaweka kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, ndani ya stoo iliyopakana na zizi la ng'ombe, pamoja na pakiti mbili za risasi alizoacha mzee. Je, masika hii mvua ikinifungia ndani naweza kuyajaza mwenyewe? Na zile pakiti za mzee bado zinafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

La kwanza ni fupi. Usijaze. Kibali chako ni cha kumiliki bunduki na risasi zake. Kutengeneza risasi ni shughuli nyingine kabisa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu aifanye bila leseni yake mahususi. Ukilichukua ganda tupu ukalitia fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya, umetengeneza risasi, hata kama ni moja na ni ya bunduki yako mwenyewe. Usiingie matatani kwa jambo la namna hiyo.

Lakini swali lako la msimu nimelipenda, kwa sababu wale unaowaona kwenye video hawakuchagua baridi kwa bahati. Kwao uwindaji wa paa hushika kasi kuanzia Septemba hadi Desemba, halafu theluji inafunga viwanja vya shabaha. Mtu anabaki nyumbani na ndoo ya maganda aliyoyaokota kiangazi kizima. Anayachambua kwa aina, anayasafisha, anayapima, kisha anayapitisha yote kwenye hatua moja kabla ya kugusa hatua inayofuata. Ndiyo maana unaona mamia. Ipo na sababu ya mfukoni: huko fataki na baruti huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari, na msafirishaji anatoza ada ya hatari kwa kila shehena, iwe kopo moja au kumi. Kwa hiyo watu wanachanga na kuagiza kwa pamoja. Mwaka 2020 fataki zilipoadimika Marekani, hata waliokuwa wakinunua kidogokidogo walianza kuweka akiba.

Matokeo ya kazi hiyo ya baridi tunayaona hapa Arusha kila msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Julai. Mgeni anashuka KIA na risasi alizojaza mwenyewe, kilo tano, kiwango cha juu ambacho mashirika ya ndege humruhusu abiria mmoja. Alizijaribu kwao kukiwa na barafu, naye anapenda nguvu, hivyo amejaza baruti hadi ukingoni mwa kipimo. Ukifika Oktoba porini, risasi zimeshinda juani kwenye gari, anapiga moja na bolti, lile komeo linalofunga bunduki nyuma ya risasi, inagoma kufunguka. Baruti ikiwa na joto huungua kwa kasi zaidi na presha kwenye chemba, pale risasi inapokaa, hupanda. Ukilitazama ganda lililotoka, fataki imelala bapa na kuna alama inayong'aa kwenye kitako chake, mahali shaba ilipobanwa na uso wa bolti. Mgeni wa namna hiyo namwambia aziweke kando, atumie za kiwandani.

Sasa nije kwenye neno lililonishtua katika barua yako: zizi.

Ganda la risasi ni shaba ya njano, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Ni madini mazuri, yanatanuka risasi inapolia na kurudi. Yana adui mmoja mkubwa, amonia, ile hewa kali inayokuchoma pua asubuhi unapofungua banda ambalo mkojo umelala usiku kucha. Jeshi la Waingereza kule India lililijua hili kwa hasara. Mvua za monsuni zilipoanza shughuli zilipungua, risasi zikahifadhiwa kwenye mazizi ya farasi hadi kiangazi. Zilipotolewa, nyingi zilikuwa na nyufa shingoni, pale ganda linapokibana kichwa cha risasi. Hakuna aliyezigonga wala kuzipiga. Kwa muda mrefu watu waliona tu kwamba ni ugonjwa wa msimu, na hadi leo mafundi wa metali wa Uingereza wanauita ufa wa msimu. Mwaka 1921 ndipo watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walipoeleza sababu yake: amonia ikikutana na unyevu, juu ya shaba ambayo tayari imevutwa, hupenya katikati ya chembe za metali na kuzitenganisha.

Shingo ndiyo inayopasuka kwa sababu ndiyo inayobeba mvuto muda wote. Viwanda vikaanza kuipasha moto shingo ili mvuto upungue, na risasi nyingi za kijeshi bado zina ule wingu wa rangi ya bluu na kahawia shingoni. Ukiuona usidhani ni uchafu, na usiusugue.

Basi fikiria stoo yako. Miteremko ya Kilimanjaro wakati wa masika, Machi hadi Mei, ukuta unatoa jasho, ukungu unaingia hadi chumbani, na ng'ombe yuko nyuma ya mbao. Una kila kitu walichokuwa nacho wale wanajeshi. Kufuli ni lazima na umefanya vyema, ila kufuli halizuii hewa. Hamisha sanduku leo, liingie ndani ya nyumba, mbali na zizi, mbali na banda la kuku na mbali na mifuko ya urea, kwa kuwa urea ikilowa inatoa amonia ileile. Usiliweke sakafuni juu ya saruji. Tafuta sanduku lenye mpira kwenye kifuniko, tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na lifunge siku ya jua kali, Januari au Februari, ili hewa utakayoifungia humo iwe kavu. Ukilitoa mahali penye baridi, liache lipate joto la chumba kabla ya kulifungua, la sivyo risasi zitalowa kwa umande mbele ya macho yako.

Risasi zikae kwenye pakiti zake. Mikanda ya ngozi inapendeza, lakini dawa za kulainishia ngozi huotesha kutu ya kijani juu ya shaba. Brasso ina amonia, kwa hiyo isiguse ganda hata kama linahitaji kung'aa. Mafuta ya kupenyeza, yale ya kulegeza nati zilizoshika kutu, nayo hapana, yanaingia kwenye fataki na kuiua.

Kuhusu pakiti za mzee, umri peke yake haunitishi. Risasi ya kiwandani iliyokaa pakavu na mahali pa baridi hudumu miongo. Ninachokihofia ni mahali zilipokaa. Zitoe mchana kwenye mwanga wa dirisha, chukua kioo cha kukuzia, ugeuze moja moja taratibu ukitazama shingo na bega, yaani mteremko ulio chini ya shingo. Ufa wa amonia ni mwembamba kama unywele, mara nyingi unafuata urefu wa ganda. Angalia pia kama kichwa kinacheza ukikishika kwa vidole, kama kuna kijani kilichokula shaba badala ya kukaa juu yake tu, na kama fataki imeingia kutu. Ganda lenye ufa shingoni huruhusu unyevu kufikia baruti, na kichwa kinaweza kusukumwa ndani bolti inapofungwa, presha ikapanda. Likipasuka karibu na kitako, gesi inarudi upande wa jicho lako.

Ukikuta hata moja yenye ufa, usipige yoyote ya pakiti hiyo, maana zote zimevuta hewa moja. Usizichome, usizifukie, usizitupe chooni. Nenda kwanza mikono mitupu kwenye kituo cha polisi ulikosajili bunduki, waeleze, wakuambie namna ya kuzikabidhi. Maganda matupu yapeleke pamoja nazo.