Kabla hujaniambia glaidislopu haishiki

Jumamosi iliyopita dogo mmoja alikaa kwenye kiti changu cha simyuleta, ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, akaitoa ndege ya A320 Nairobi vizuri kabisa. Kilimanjaro ikapita dirisha la kulia, akapiga na picha. Baadaye kidogo yuko maili 8 kutoka Dar, futi 5,000, mwendo wa noti 240, ananigeukia na uso wa mtu aliyeonewa: "Kaka, mbona glaidislopu haishiki?"

Niliinuka nikaenda jikoni kunywa maji. Kiu sikuwa nayo. Nilikuwa natafuta pa kuumezea ukali, maana sentensi hiyo nimeshaisikia kwa madogo watatu mwaka huu, na kabla yao niliitamka mimi mwenyewe, kwa sauti ileile ya kudhulumiwa. Glaidislopu, ule mwale wa redio wa kukushusha mpaka ranwei, haikuwa na kosa. Iko palepale, digrii 3, inakusubiri futi 2,500 chini yako.

Basi naandika mara moja, ili mkija tena tuongee mengine.

1. Acheni kukariri vitufe. Mnaangalia video, mnaona jamaa anabonyeza APPR, kitufe cha kuiambia ndege ifuate mwale wa kutua, na nyie mnabonyeza APPR, mnakunja mikono. Kubonyeza ni kuomba tu. Umekubaliwa au hujakubaliwa, jibu liko kwenye FMA, mstari wa maneno juu ya PFD, skrini kuu ya rubani: buluu inasubiri, kijani imeshika. Isome kwa sauti kila inapobadilika, glaidislopu na LOC, yaani lokalaiza, mwale wa kukuweka kwenye mstari wa ranwei. Ndiyo, kwa sauti, hata ukiwa peke yako chumbani. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alikaa siku tatu bila kusema neno, ya nne akamwuliza mke wangu kwa upole huyu mwenzio usiku huwa anaongea na nani. "LOC buluu. Glaidislopu buluu. LOC kijani." Alidhani ni uradi.

2. Data ya AIRAC, yaani taarifa za njia na viwanja, hubadilika kila siku 28, kwa hiyo ya kwenye ndege na ya kwenye chati zako ziwe za mzunguko mmoja. Pengo likibaki kwenye F-PLN (mpango wa safari ndani ya kompyuta ya ndege) kati ya STAR (njia ya kuingilia uwanjani) na aprochi (njia ya mwisho ya kutua) lizibe ukiwa bado ardhini, usisubiri ndege ifike pale ianze kwenda inakojua yenyewe. Wa Boeing 737: ILS, redio ya lokalaiza na glaidislopu, mnaiweka wenyewe, pande zote mbili, na kozi pande zote mbili, Airbus ndiyo inayowadekeza wenzenu.

3. Hesabu ya kushuka. Hapa kaeni vizuri.

Kanuni mnaijua: kila futi 1,000 unazotaka kupoteza, maili 3. Mimi niliijua miezi mitatu tu baada ya kununua simyuleta, nikajiona nimemaliza. Safari yangu ya kila siku ilikuwa Dar kwenda Nairobi, maili kama 360 hivi, FL360, yaani futi 36,000. Mtu aliyenifundisha alinionyesha: uwanja wa Nairobi uko futi 5,330 juu ya bahari, ondoa kwenye 36,000, zinabaki 31,000 hivi, mara tatu, maili 93. Anza kushuka hapo. Nikafanya, ikakubali. Nikafanya tena, ikakubali. Kufika safari ya kumi hesabu ilishayeyuka kichwani, imebaki namba tu: tisini. Maili tisini unaanza kushuka. Nilikuwa naisema kama mtu anavyosema namba ya nyumba yake.

Na nilikuwa na maringo, lazima niseme ukweli. Modi ya kushuka ya kompyuta ya ndege nilikuwa siitumii. Mimi nashuka kwa kichwa, navuta nobu mwenyewe, kama wazee wa zamani.

Sasa ikafika usiku ambao niliamua kurudi. Nairobi kwenda Dar, FL370, kwenye VATSIM, mtandao ambako watu halisi wanaongoza ndege za simyuleta, na bahati mbaya usiku huo kulikuwa na muongoza ndege hewani. Mtaratibu, sauti ya mtu aliyeshiba. Nimejiandaa, taa nimezima, nimevaa kaunda suti? Nimevaa bukta. Maili tisini ikafika, nikavuta nobu, injini zikashuka mpaka mwisho, nikaegemea nyuma kwa raha.

Hesabuni nyie. Uwanja wa Dar uko futi 182. Kwa hiyo 37 mara tatu, 111, na kumi za kupunguza kasi, ni 120. Nilikuwa nimechelewa kwa maili 30 na wala sijui. Maili 30 kutoka uwanjani nilitakiwa niwe kwenye futi 9,000 hivi, nilikuwa 16,000. Niliiona namba hiyo kwa macho yangu. Nikajiambia spidi breki zipo za nini.

Muongoza ndege naye aliiona kwenye skrini yake. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nahitaji maili za ziada. Yaani alikuwa ananiwekea meza na kunivutia kiti: geuka kushoto, zunguka kidogo, shuka taratibu, rudi. Gharama yake dakika nne. Na mimi, peke yangu chumbani, nimevaa bukta, nikabonyeza kitufe nikajibu kwa sauti nzito: hapana, tuko sawa. Tuko! Mimi na nani?

Spidi breki zote nje. Magurudumu chini mapema kuliko nilivyowahi kuyashusha. Ndege inatetemeka kama daladala la mwisho. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba ndege ya abiria haikubali kushuka na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja. Ukiikandamiza ishuke inakimbia, ukiivuta ipunguze mwendo inagoma kushuka. Fleps za mabawa, hatua ya kwanza zinataka usizidi noti 230, ya pili 200, mimi nakimbizana na vikomo hivyo kama mtu anayekimbiza kofia kwenye upepo. APPR nimebonyeza, lokalaiza ikashika, kijani, nikafurahi kama mjinga. Almasi ya glaidislopu, alama inayoonyesha mwale uko wapi, iko chini kabisa ya mizani, buluu, hainiangalii.

Halafu ikaja ile iliyonimaliza. Kwenye FCU, paneli ya kuiwekea otopailoti mwinuko, nilikuwa nimeacha futi 2,000. Ndege ikafika 2,000, ikafanya nilichoiambia: ikajinyoosha ikatulia. Maili 4 kutoka uwanjani, pale nilipotakiwa kuwa 1,400 na kidogo, nimetulia bapa kwenye 2,000, na almasi inazidi kuzama. Ningesoma FMA ningeona ALT kijani, yaani inashikilia mwinuko, imeandikwa wazi. Sikusoma. Nilikuwa natukana kibodi.

Nikatoa otopailoti, nikasukuma pua chini. Futi 1,000, noti 190, fleps bado za pili. Kila kitabu duniani kinasema hapo kama hujatulia, ondoka. Ndege yenyewe ikasema: "Sink rate," yaani unashuka kasi mno. Ikarudia. Ikapandisha: "Pull up," vuta pua juu. Mimi nikawa naibishia kwa mdomo, nimeshafika, nimeshafika. Nilivuka mwanzo wa ranwei nikiwa na mwendo wa basi la mkoani, ikaelea, ikaelea, ranwei ya mita 3,000 inapita chini yangu, nikagusa nikiwa nimeshavuka nusu. Nikaishia majanini upande wa Vingunguti, pua chini, vumbi.

Kimya. Muongoza ndege hakusema kitu kwa sekunde kadhaa. Halafu kwa sauti ileile ya kushiba akaniambia nikiwa tayari niendelee kwa tax—akajikatiza mwenyewe, akanitakia usiku mwema.

Nyuma yangu alikuwa amesimama binti wa dada yangu, miaka saba, kumbe hakulala. Akaangalia skrini, akaniangalia. "Mjomba, na wale waliokaa nyuma?"

Sijawahi kupata jibu zuri la swali lile. Nilimpeleka kulala. Siku mbili sikuigusa kompyuta, na nilipoirudia nilibandika karatasi chini ya skrini, ipo mpaka leo, imekuwa ya kahawia: TOA UWANJA KWANZA. Dogo wa Jumamosi aliisoma akauliza maana yake nini. Nilimwonyesha. Akasema aa, sawa. Kisha akaanza kushuka maili 90.

Kwa hiyo: mwinuko wako, toa mwinuko wa uwanja, mara tatu, ongeza kumi, na ukiwa na upepo wa nyuma ongeza tena. Halafu usiihesabu mara moja ukaisahau. Maili 60, hesabu. Maili 40, hesabu. Muongoza ndege akikukatia njia amekupunguzia maili, hajakupunguzia futi.

4. Nairobi na Dar hazitui sawa hata kama mizani ya mwendo inasoma sawa. Mnanikasirisha sana hapa kwa sababu mnaiona na hamuulizi. Kule juu hewa ni nyepesi. Noti 140 za kwenye mizani, Nairobi mchana wa joto, kumbe ndege inakata hewa kwa karibu 157; Dar ni 143 hivi. Chukua mwendo wa juu ya ardhi zidisha kwa 5, ndiyo futi kwa dakika zinazokuweka kwenye digrii 3: Dar 700 na kitu, Nairobi unakaribia 800. Yule aliyezoea 700 akiruka kwa mkono kwenda ranwei 06 Nairobi anaanza kubaki juu ya glaidislopu taratibu, anadhani ni upepo. Na kwenye kugusa ardhi anaona kila kitu kinakimbia, anavuta mapema, ndege inaelea. Ardhi inakimbia kweli, wala macho hayajakudanganya. Subiri.

5. Angalieni mwinuko salama kwenye chati. KIA, yaani Kilimanjaro, uwanja uko futi 2,932, mnadanganyika na namba hiyo ndogo. Kuna mmoja wenu, hatajwi, alitoka Nairobi akaona njia imezunguka, akaikata akalenga moja kwa moja fainali, mstari wa mwisho wa kutua, ya maili 20 ya ranwei 09. Mstari mnyoofu kabisa, aliuchora vizuri. Ulipita juu ya Meru, mlima wa mita 4,566. Yeye alikuwa futi 9,000, ndani ya mawingu, anakunywa soda. Bado ananiuliza kama ile ilikuwa hitilafu ya programu. Hapana mdogo wangu, programu iliweka mlima pale ulipo.

6. QNH, presha ya hewa ya pale unapotua: ukishuka ukapita kiwango cha mpito iweke kwenye kipima mwinuko, kwa sababu kila hektopaskali ni kama futi 30, na ukibaki kwenye 1013 ya kule juu siku ambayo QNH ni 1020 uko futi 200 juu ya unapodhani upo.

7. Nunueni UPS kabla ya kununua ndege ya kulipia. Umeme ukikatika fainali hakuna cha kujifunza.

8. Goaraundi, yaani kuacha kutua na kupanda tena. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunionyesha goaraundi ya hiari. Zote ni za kulazimishwa, na zote zinafanana: mnasukuma mikono ya injini mbele, mnashangaa pua imepanda, mnasahau magurudumu, mnasahau fleps, otopailoti imetoka, mnaenda Bagamoyo. Kosa liko maili nyingi nyuma: goaraundi inaandaliwa kabla. Glaidislopu ikishashika kijani, weka mwinuko wa goaraundi kwenye FCU. Kisha mpangilio: TOGA, yaani nguvu yote ya injini, fleps rudisha hatua moja, ikipanda kweli magurudumu, soma FMA.

Jumamosi hii hatutui. Nimeshapanga. Kila mtu anakuja Dar ranwei 05 kutoka upande wa Pugu, ILS safi, hali ya hewa safi, ametulia vizuri kwenye mstari, na futi 500 nasema neno moja anaondoka. Mara tano kila mmoja. Najua mtanung'unika, yule wa Meru ameshaanza kuuliza kama anaweza kutua ile ya mwisho tu.

Hawezi. Na mje na hedfoni zenu, yangu sikio la kushoto limekufa.