Mbona Nimempenda Adui?

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimeelemea upande mmoja. Mmeangalia ile picha ya Kimarekani ya mwaka 2011, Martha Marcy May Marlene, na wote mnamuulizia mtu mmoja tu, John Hawkes, yule baba mwembamba aliyecheza kama Patrick. Kwa ambao hamjaiona: binti anaitwa Martha (kamcheza Elizabeth Olsen) anatoroka alfajiri kwenye shamba moja huko milima ya Catskill, jimbo la New York, alikoishi miaka miwili na kundi la vijana walio chini ya huyo Patrick, anampigia simu dada yake, anaenda kukaa naye na mumewe kwenye nyumba ya ziwani Connecticut, halafu muvi inaanza kuruka huku na kule, sasa hivi yuko kwa dada, ukipepesa macho yuko shambani tena, mpaka na wewe unachanganyikiwa kama yeye. Leo namwaga mchele kwenye kuku wengi, asiyetaka kujua mwisho afunge ukurasa mapema.

Shikamoo Anko. Naona aibu hata kuuliza. Niliangalia hiyo muvi mara ya kwanza nikaogopa sana, nikairudia wiki iliyofuata nikijua kabisa huyo Patrick ni mtu gani na amewafanyia nini wale mabinti, lakini alivyoshika gitaa na kuanza kumwimbia Martha nikajikuta natabasamu peke yangu gizani. Yaani nilimpenda. Mi nina tatizo gani?

Marahaba mwanangu. Huna tatizo lolote, na kama kungekuwa na namna ya kumtumia Hawkes barua yako ningemtumia, maana hiyo ndo kazi aliyokuwa anaifanya. Waigizaji wengi wakipewa adui wanakimbilia macho ya kutoa, sauti nzito, kicheko cha kishetani, na sisi watazamaji tunakaa vizuri kwenye viti tukijua huyu ni adui, stelingi yule pale, raha mustarehe. Hawkes hakupi hiyo nafasi. Mwili mdogo, mkavu, sauti ya chini kama mtu anayeongea na mtoto aliyesinzia, na haharakishi kitu. Angalia anavyomkaribisha Martha siku ya kwanza. Anamuuliza jina, anamtazama kidogo, anamwambia unafanana na Marcy May. Basi. Hakuna ngoma wala radi, lakini hapo binti kashanyang'anywa jina alilopewa na wazazi wake, na ameondoka pale anaona amepewa zawadi.

Halafu huo wimbo. Unaitwa Marcy's Song, ni wa Jackson C. Frank, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1999 na ambaye maishani mwake alitoa albamu moja tu, mwaka 1965, iliyosimamiwa na mwanamuziki mwenzake Paul Simon. Hawkes anaupiga na kuuimba mwenyewe, wenzao wamekaa wanasikiliza, na kila mtu mle ndani anajua unaimbwa kwa ajili ya nani. We jiweke hapo. Binti ambaye nyumbani hakuna aliyekuwa na habari naye, leo mtu mzima anayeheshimiwa na wote anamwimbia wimbo wenye jina lake mbele za watu, nani asingeyeyuka? Mi mwenyewe niliyeyuka. Ila sasa rudia usikilize maneno, wimbo unasema huyo mwanamke ni picha tu ukutani. Picha! Kitu cha kutundika. Anamwambia kweli tupu mbele ya macho yake kuhusu atakachomfanya, lakini kwa sauti tamu kiasi kwamba si yeye wala wewe mliyesikia. Wazee walishasema panya anauma na kupuliza, na mi sijaona muigizaji aliyelicheza hilo vizuri kama Hawkes hapo, maana kwake kuuma na kupuliza havipishani, vinakwenda pamoja.

Kuna kipande kingine nadhani ndo kilele cha kazi yake. Wameingia kuiba kwenye nyumba ya mtu, mwenye nyumba ameuawa, Martha amevurugika hawezi kutulia. Patrick anakuja kumtuliza. Hamfokei, hamtishii, anamweleza polepole kwamba hofu inamwamsha mtu, kwamba kifo ni sehemu nzuri ya maisha, kwamba yote hayo mwisho wake ni upendo. Ukiyaandika karatasini ni upuuzi mtupu. Hawkes anayasema kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake, na kwa sekunde kama tano hivi ukitaka kukubali unakubali. Hizo sekunde tano ndo zilizokunyima usingizi, sio damu.

Mdogo wangu mjibu barua, mimi ni mtu mzima sasa, sikuzoea kuandika magazetini. Mwanangu aliniwekea hiyo filamu, nikaizima katikati, nikairudia kesho yake. Niliishi na mwanaume wa namna ile. Hakuwahi kupaza sauti hata siku moja, na watu wote walimsifia upole. Swali langu ni dogo: shamba halina ukuta wala mlinzi, kwanini wale wasichana hawaondoki? Na kwanini na mimi ilinichukua miaka mingi?

Dada yangu, ahsante kwa kuandika, na pole kwa miaka hiyo. Swali lako sio dogo.

Ukitazama vizuri, Patrick hafanyi kazi ya kulinda geti. Mwanzoni kabisa mwa filamu kuna meza ya chakula, wanaume wanakula kwanza, wanawake wanasubiri kimya, wakimaliza ndo wao wanakaa. Hakuna anayewasukuma, wamezoea. Simu ikilia, mwanamke yeyote anayepokea anajitambulisha kwa jina moja, Marlene, ndo maana picha ina majina mengi vile, la kuzaliwa, la kupewa, na la simu ambalo sio la mtu. Binti akiingia mgeni, wasichana waliotangulia ndo wanaomuandaa kwa Patrick, wanamnywesha kinywaji cha kumlegeza, na baadaye wanamwambia ana bahati. Na hapa muvi ilinichoma kuliko sehemu yoyote: anapokuja msichana mpya, Sarah (Julia Garner, kabla hajawa staa), anayemwandalia kile kinywaji ni Martha. Martha huyuhuyu aliyefanyiwa hivyohivyo. Anafanya kwa upole, kama dada.

Ndo nasema ukuta upo, ila umejengwa kwa watu, na na wewe mwenyewe ukiwa tofali mojawapo utaubomoaje? Hata Martha akitoroka, kijana mmoja wa Patrick anamkuta mgahawani, anakaa naye, anaongea naye vizuri tu, halafu anamwacha aende zake. Hamkamati! Ukiangalia haraka unasema kumbe yuko huru, ila kijana yule ana utulivu wa mtu asiyeona haja ya kukamata.

Kwako wewe, hao waliokuwa wanamsifia upole ndo walikuwa tofali. Kila ukitaka kusema unakutana na mtu anakwambia una bahati. Kwa hiyo miaka mingi ilienda bila ujinga wako wowote, ulikuwa unabishana na kijiji kizima peke yako, tena wanabishana na wewe kwa nia njema. Na kama bado yanakurudia usiku, tafuta mtu wa kazi hiyo uongee naye, mshauri nasaha, asiyewafahamu hao wasifiaji hata mmoja. Dada yake Martha anampenda kweli, ila kila akimuuliza anauliza vibaya, na mume wake ndo kabisa anataka mgeni aondoke. Mapenzi ya ndugu peke yake hayakutosha pale.

Anko, hii ni stori ya kweli?

Patrick ni wa kutungwa. Ila harufu unayoisikia ni ya Charles Manson, yule Mmarekani aliyeongoza kundi la vijana lililoua watu, na sio wewe peke yako. Manson naye alikuwa na gitaa na ndoto za kuwa mwanamuziki, mpaka wimbo wake mmoja ukarekodiwa na bendi ya Beach Boys mwaka 1968 baada ya kubadilishwa maneno na jina. Kundi lake nalo lilikuwa na mchezo wa kuingia nyumba za watu usiku wenyewe wamelala, wanatembea humo kimya, kabla ya mauaji ya Agosti 1969. Hayo ya kunyata ndani ya nyumba za watu utayaona kwenye muvi. Tofauti ni kwamba dairekta, Sean Durkin, hakutuambia kundi la Patrick linaamini nini hasa, hakuna kitabu, hakuna nabii, hakuna siku ya mwisho. Mi naona alifanya vizuri sana, maana tungepewa imani tungeicheka, tukalala.

Kaka, huyu jamaa alikuwa wapi siku zote? Mbona namuona kama namjua lakini simjui?

Hahaha, hiyo ndo hadithi ya Hawkes. Kama uliifuatilia tamthilia ya Deadwood (2004 hadi 2006) alikuwa Sol Star, mfanyabiashara mpole wa duka la vifaa, rafiki wa sherifu, mtu mwema kabisa. Mwaka 2010 akatoka na Winter's Bone akicheza kama Teardrop, ndugu wa baba wa yule binti aliyechezwa na Jennifer Lawrence, mtu wa kuogopesha ambaye mwishoni unataka akukumbatie, akateuliwa kugombea Oscar ya muigizaji msaidizi, ikachukuliwa na Christian Bale. Mwaka mmoja baadaye akaja na Patrick, ambaye amegeuza kibao: huyu anakukumbatia kwanza. Halafu 2012 kwenye The Sessions kalala kitandani filamu nzima karibu, mtu aliyepooza kwa polio, anatumia uso na sauti tu, na unampenda bila kuogopa chochote. Uso ni uleule, hakuna ndevu za bandia wala nini.

Na kwa sababu mtaniuliza tu: ukitaka mzee wake na Patrick tafuta The Night of the Hunter ya 1955, Robert Mitchum kama mhubiri mwenye maneno mawili vidoleni, mkono mmoja upendo, mkono mwingine chuki, anaimba wimbo wa dini kwa sauti nzuri ajabu huku anawawinda watoto wawili. Ni filamu pekee ambayo Charles Laughton aliiongoza. Mitchum ni mkubwa, ana kivuli, anacheza kama jini wa hadithi za bibi. Mi nampenda ila nikilala namwacha kwenye skrini. Hawkes nilimkuta hata siku mbili baadaye, nimekaa na mtu ananisikiliza kwa makini kupita kiasi nikaanza kujiuliza huyu anataka nini. Uzuri wa kuigiza kwa udogo ndo huo, na ubaya wake pia.

Zile sini za kitandani walifanyaje, si ni udhalilishaji kwa waigizaji wenyewe?

Swali la haki. Wakati ule, 2011, wasimamizi wa sini za faragha hawakuwa jambo la kawaida, kampuni ya televisheni ya Marekani, HBO, ndo walitangaza 2018 kwamba uzalishaji wao wote wenye sini hizo utakuwa na mtu wa kazi hiyo. Ninachoweza kusema ni kuhusu kinachoonekana: kamera ya Durkin haifaidi. Hailambi mwili wa mtu. Na Patrick mwenyewe haonyeshwi kama mtu mwenye tamaa ya kupindukia, anaonyeshwa kama mtu anayetimiza utaratibu wa nyumba, jambo ambalo kwangu mi linatisha zaidi. Kama wewe ni mtu ambaye mambo hayo yanakuumiza usiiangalie, hakuna mtihani.

Anko nieleze mwisho! Ile gari ya nyuma ni ya kina Patrick au sio? Tumegombana nyumbani.

Mmegombana bure, maana Durkin hakuwaachia jibu. Twende na tulichokiona. Martha anaogelea ziwani, anaona mwanaume ng'ambo amekaa anamtazama. Baadaye wako kwenye gari na dada na shemeji, wanampeleka akatibiwe, mwanaume anakatiza barabarani wanakaribia kumgonga, anaingia kwenye gari lake, na gari hilo likawa nyuma yao. Sisi tumebaki na uso wa Martha siti ya nyuma, ile gari kwenye kioo nyuma yake, muvi ikakatika.

Anayesema ni wao ana hoja, Martha alipiga simu shambani, na wale watu kunyatia nyumba ndo kazi yao. Anayesema ni binti anaota ana hoja vilevile, tumeshaona hawezi tena kutofautisha lipi la jana lipi la leo. Mi nimeiangalia mara tatu. Mara ya kwanza nilisema ni wao. Ya pili nikasema hapana, dereva tu anayekwenda zake. Ya tatu nikagundua Patrick hajaonekana kwa muda mrefu na bado tangu ziwani nilikuwa namtafuta yeye tu, kwenye miti, madirishani, na pale mwisho badala ya kumwangalia binti wa watu macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha nyuma.