Unafunga geji ya oili? Usiitundike sensa kwenye bloku

Taa nyekundu ya oili kwa kawaida huwaka presha ikishashuka hadi bar 0.3 au 0.5. Kwa injini iliyo kwenye mwendo, hapo umeshachelewa. Ndiyo maana Hiace yangu ya dizeli, iliyokuja na taa tu, niliiongezea geji. Geji yenyewe haisumbui. Kinachosumbua ni pa kuiweka sensa yake.

Swichi inayowasha taa hiyo ni ndogo na nyepesi, inakaa kwenye bloku miaka na miaka. Iache hapohapo kama hufungi geji. Sensa ya geji ni bonge la chuma, na mafundi wengi huipachika juu ya tii ya shaba (kiungio chenye umbo la T), tii juu ya adapta, mzigo wote ukining'inia kwenye tundu moja la inchi 1/8. Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma uone sensa inavyochezacheza. Shaba inachoka polepole pale thredi zinapoanzia, mpaka siku inakatika, oili inamwagika barabarani na injini inanoki kabla dereva hajaelewa kilichotokea.

Kwa hiyo sensa ihame, ikae kwenye bodi: upande wa ndani wa fenda, au kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Kutoka kwenye bloku inakuja hozi nyembamba ya presha iliyosukwa kwa waya, ile wanayotengeneza mafundi wa hozi za haidroliki. Paipu ya shaba siipendi, kwa sababu nayo hukakamaa kwa mtetemo na kupasuka. Ya nailoni ikigusa eksozi imekwisha. Watu huuliza kama umbali unapunguza presha. Haupunguzi. Mwisho wa hozi umezibwa, oili haisafiri, presha inafika ileile. Asubuhi oili ikiwa nzito mshale unaweza kuchelewa kidogo kupanda, basi.

Ukienda kununua adapta, usiseme tu "ya 1/8". Kuna aina mbili za thredi za saizi hiyo. Toyota na Wajapani wengi wanatumia BSPT, yenye thredi 28 kwa inchi. Vifaa vingi vya Marekani ni NPT, thredi 27. Zinadanganya kweli: NPT inaingia kwenye bloku mizunguko ya mwanzo kwa raha, halafu inakaza, unadhani imekaa. Haijakaa. Inavuja, na ukiilazimisha unaharibu thredi za bloku, kazi ambayo hutaki kuilipia. Nenda na swichi yako ya zamani mkononi, uilinganishe palepale dukani. Adapta ya chuma ni bora kuliko ya shaba. Kuziba, tumia gundi ya thredi na uache thredi ya kwanza wazi. Tepu nyeupe ya mabomba hukatika vipande vikaenda kuziba tundu la sensa.

Halafu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia mwili wake, na ilipokuwa kwenye bloku ilikuwa inaipata bure. Ukiihamishia kwenye bodi yenye rangi, au kwenye klempu yenye mpira, ethi inapotea au inakuwa dhaifu. Sensa hupima kwa kubadilisha ukinzani wa umeme, unaohesabiwa kwa om. Zile za kampuni ya VDO nyingi zinaanzia om 10 presha ikiwa sifuri na kufika karibu 180 presha ikiwa juu kabisa. Maana yake ethi mbovu inaongeza om, na mshale unapanda. Unaendesha ukiamini una bar 4 kumbe una 2! Funga waya wa ethi kwenye mwili wa sensa, upeleke moja kwa moja kwenye bloku.

Hozi iachie ulegevu, maana injini inacheza kwenye maunti zake na bodi haichezi. Iwe mbali na eksozi na feni, ifungwe kwa klempu zenye mpira. Upande wa bloku omba adapta yenye tundu dogo la milimita 1 hivi: hozi ikipasuka, oili itatoka kidogo kidogo na utawahi kuzima. Kwenye tii inayobeba sensa huko kwenye bodi, weka pia ile swichi ya taa, maana dereva hatazami geji muda wote.

Ukimaliza, washa injini ipate moto, kisha pitisha karatasi ya tishu kwenye kila kiungio. Rudia baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu.