Mkuu, kabla hujanunua fishi fainda, ile mashine ya kutafutia samaki kwa sauti, jua kwanza utaifunga wapi

Mkuu umesema una boti ya mbao ya mita 7, injini ya farasi 15, unatokea Igombe kwenda kutega ndoano za sangara, na unauliza uchukue ya skrini kubwa au ndogo. Mimi natokea Kayenze, boti yangu karibu sawa na yako na hii mashine ninayo mwaka wa nne sasa. Skrini isikuumize kichwa, inchi 5 inatosha, muhimu isomeke juani maana saa saba mchana ziwani hakuna pa kujificha, halafu iwe na GPS uweke alama ulipotega, usiku unarudi moja kwa moja kwenye boya badala ya kuzunguka na tochi huku mafuta yanaisha. Zile wanazosifia zinafika mita 500 achana nazo, ziwa letu hili la Viktoria penye kina kabisa ni kama mita 80 tu.

Chukua yenye masafa mawili, kilohezi 200 na 83. Ile ya 200 mwale wake wa sauti mwembamba, kwenye kina cha mita 30 unaona duara la kama mita 10 chini yako na picha ni safi, ile ya 83 inatanuka mara tatu ya hapo, hiyo naitumia kutafuta, nikishapata narudi 200.

Sasa kwenye kufunga ndio watu wengi wanalia. Mimi yangu niliifunga siku hiyohiyo niliyonunua, nikatoboa ubao wa nyuma upande wa kushoto wa injini, nikasimama ikaonyesha vizuri kabisa, nikaondoka tu skrini ikawa mistari mitupu na kina kinasoma mita 2 wakati niko kwenye 25. Nikajua nimeuziwa kimeo, nikaipeleka kwa fundi mara mbili hela ikaenda. Kumbe ni mapovu! Transidyusa, kile kipande kinachokaa majini kutuma na kupokea sauti, haioni kitu kwenye mapovu, na mbele yake palikuwa na kichwa cha msumari kimetokeza chini ya ubao, kidogo tu kama punje ya hindi, hicho ndicho kilikuwa kinachana maji.

Kwa hiyo usitoboe kwanza. Ifunge kwa mpira wa tyubu kwenye mti, mwenzako aishikilie nyuma ya boti, wewe endesha mwendo wako wa kawaida, mhamishe sehemu hadi sehemu mpaka skrini itulie, weka alama ya chaki. Kwa injini ambayo propela inazunguka kulia mara nyingi utaishia upande wa kulia, kama sentimita 40 kutoka kwenye propela. Uso wake uchungulie nusu sentimita chini ya ubao na ulale sawa na maji. Na usidanganywe kwamba utaigundisha ndani ya boti, hiyo ni ya faiba, mbao ina hewa ndani, sauti haipiti. Mimi nilipigilia kipande cha mninga nyuma kwanza, transidyusa nikaifunga kwenye hicho kipande, siku nikitaka kuihamisha sitoboi boti tena, na kila tundu la skrubu nilijaza silikoni.

Betri iwe ya peke yake, ya volti 12 amp 7 inakesha usiku mzima, weka na fyuzi, na waya wa transidyusa usiupitishe pamoja na waya za injini utaona chenga.

Kuisoma sasa. Zima zile picha za samaki, inakuchorea samaki hata kwenye jani. Angalia tao, ule mstari uliopinda kama upinde. Sangara anaonekana vizuri kwa sababu ya bondo, kile kifuko cha tumboni, hilohilo bondo tunalouza bei ghali, limejaa hewa na hewa ndiyo inarudisha sauti, kwa hiyo tao nene lililokaa peke yake karibu na chini tega hapo. Wingu zito katikati ya maji linaweza kuwa dagaa, ila hata wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakiwa bado funza majini wana vifuko vya hewa, wanachora wingu vilevile, nimeshategea wingu la namna hiyo usiku mzima nikarudi na samaki watatu. Siku hizi wingu lisipokuwa na matao pembeni yake napita.

Ukikaribia mwaloni kuegesha, transidyusa ipandishe juu, gugumaji likijisokota pale linang'oa na skrubu zake.