MUULIZE SHANGAZI: Kaka kasafisha picha, mama kageuka mtu mwingine

Barua za mwezi huu karibu zote ni za picha. Nahisi ni kwa vile shule zimefunga, watu wamerudi kwa wazazi na makabati yamefunguliwa. Nimechukua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ina mambo mengi, zile zingine mnisamehe.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni wa pili kuzaliwa kwetu, tuko watano na tulikulia Buruburu. Zamani kila Boxing Day baba alikuwa anatuvalisha nguo za Krismasi tena anatupeleka Uhuru Park, tunapanda boti kwa kile kiziwa, tunakula mahindi ya kuchoma na soda, halafu lazima tupigwe picha na wale jamaa wa kamera wanaozunguka pale. Baba alishatuacha. Mama ako na albamu moja kubwa ya zile za kurasa za gundi na plastiki juu, picha zimekuwa nyekundu nyekundu na zimeng'ang'ania kabisa. Sasa brathe wangu mkubwa alikuja akapiga picha kadhaa na simu, akazipitisha kwa app ya AI ya kusafisha, akatuma kwa grupu ya familia, kila mtu akaweka makopa. Mama akaomba simu yangu aone, akaangaliaaa, akauliza "huyu mwanamke amesimama na baba yenu ni nani?" Watu walicheka, mimi sikucheka. Nikisema nataka zile za kweli naambiwa naringa. Na bado tunabishana mwaka, yeye anasema ni 1987 mimi nasema ni 1991. Je ni mimi nina shida? Na hizo zingine nitazitoaje bila kuziharibu?
– Binti wa Buru, Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna shida yoyote, na wala huringi. Mama yako kasema ukweli kuliko wote waliomo humo kwenye grupu, yule mwanamke hayupo. Hizo app hazifuti vumbi kwenye uso kama watu wanavyodhani, zinabuni. Picha ya saizi ya postikadi, watu saba wamesimama mbele ya maji, uso wa mtu mmoja ni mdogo kuliko ukucha wako, taarifa zilizomo ni chache mno, kwa hiyo mashine inajazia kwa nyuso ilizofundishiwa. Nyusi zinapangwa, ngozi inanyooshwa, mwanya unazibwa. Nakuuliza, mama yako ana mwanya? Kama anao nenda kautafute kwenye picha ya kaka, nina hakika umekwenda na maji. Mwanya huo huenda ndio uliomfanya baba yako akanunue ile soda ya kwanza, halafu leo mashine imeuona ni kasoro!

Kurekebisha rangi ni kitu kingine na sina ugomvi nacho. Picha za rangi za miaka ya 70 na 80 hugeuka nyekundu zikikaa gizani kwa sababu ile rangi ya bluu ya kijani ndani ya karatasi ndiyo inayofifia mapema, nyekundu na njano zinabaki. Ukivuta rangi kidogo kwenye simu ili majani ya Uhuru Park yarudi kuwa ya kijani hujamdanganya mtu. Uso usiguswe. Na kaka yako usimnunie, alikuwa na nia njema, mwambie tu kila anapotuma hizo zake aanze kwanza na ile yenyewe, mikwaruzo na yote.

Sasa kuzitoa. Albamu za gundi ndizo adui mkubwa wa picha za familia Afrika Mashariki nzima, nasema bila woga, zilikuwa zinauzwa kama za kifahari na kila bi harusi alipewa moja. Gundi yake ikizeeka inageuka kahawia na kukauka. Usivute picha kwa kona, itakunjika na kupasuka. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha kuanzia kona moja, uvute huku na huku taratibu kama unakata, mikono ikae chini karibu na karatasi. Usitie maji wala spiriti. Ikigoma iache, funua plastiki tu uipige hapohapo kwenye ukurasa. Lakini kabla hujagusa chochote, kila ukurasa upige picha mzima ulivyo, maana mama yako alizipanga kwa mpangilio wake na mpangilio huo nao ni habari, ukishazitoa zote ukazimwaga mezani hutaukumbuka tena.

Kupiga na simu si vibaya. Weka picha karibu na dirisha, mwanga wa mchana lakini si jua lenyewe, flashi zima, simu iwe sambamba na picha usije ukapata baba mwenye miguu mirefu. Ukipata skana kwenye saiba ni bora zaidi, mwambie kijana aweke dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2400 kwa 3600, inatosha hata kuichapa kubwa ya ukutani. Wakishaskani chukua faili zako kwenye flashi yako mwenyewe na uhakikishe hazijabaki kwenye kompyuta yao. Geuza na mgongo wa picha uupige pia, hapo ndipo penye muhuri wa studio, namba ya penseli, saa nyingine jina la mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Ukitaka kuongeza maandishi tumia penseli laini, biki hupenya mpaka mbele. Na ukituma WhatsApp usitume kama picha ya kawaida maana inabanwa, tuma kama dokumenti.

Tuje kwenye ugomvi wa mwaka, hapa ndipo mimi nafurahi. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Kenyatta 1969 na uzuri wake kwa mambo haya ni kwamba wapiga picha wale walipenda kumsimamisha mtu akiupa mji mgongo, kwa hiyo nyuma yenu kuna kalenda nzima ya majengo. KICC, lile jumba la mikutano, ilikamilika 1973, hiyo haikusaidii. Nyayo House ni ya 1983, nayo haikusaidii kwa sababu nyote wawili mnadai baada ya hapo. Tafuta Times Tower, lile refu kuliko KICC, ghorofa 38. Hilo ni la miaka ya 90 na kama lipo nyuma ya kichwa cha baba basi wewe na kaka wote mmekosea na mnanunua nyama. Kama halipo, rudini ndani ya familia, nani yuko mgongoni kwa mama? Kitinda mimba wenu kazaliwa lini? Mtoto wa mgongoni hadanganyi kama ile tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona, nyingi ya hizo tarehe mwenye kamera alibadilisha betri na hakuirekebisha tena.

Halafu kuna 1989 katikati ya miaka mnayogombania. Mwaka huo ndio serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya hiyohiyo bustani na marehemu Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akasimama kidete mpaka likashindikana. Muulize mama kama mlikwenda mkesha wa zile kelele au baada yake. Wazee wengi mwaka hawaujui ila wanakumbuka nani alikuwa anapiga kelele redioni.

Mwisho kwako, namna ya kugawa. Usimwage picha arobaini usiku mmoja, watu wataweka makopa na kulala. Tuma moja, jioni, na usiandike maelezo. Uliza tu kitu kidogo, mfano "hivi viatu vyeupe kwenye nyasi ni vya nani?" Utashangaa. Atatokea shangazi yako mmoja ambaye huwa hasemi kitu kwenye grupu atakwambia ni vyake, alikatazwa kupanda boti kwa sababu alikuwa na mimba, akabaki ufukweni kulinda viatu vya watu na kikapu. Watu wakiishia kuandika "nzuri sana" tu, shangazi huyo humpati. Na mama msimwandikie, mpe simu aseme kwa voisi, hiyo voisi uihifadhi pamoja na picha yenyewe, jina lilelile la faili. Anaweza akakueleza hata wale wapiga picha walivyokuwa wanaandika jina kwenye kidaftari, unaacha pesa kidogo na picha unaifuata siku nyingine, na wengine hawakurudi kuzifuata. Nyinyi mlizifuata, au baba alizifuata, uliza.

SWALI: Asalaam alaykum shangazi. Sisi tuko Minneapolis, tulitoka Mombasa nikiwa mdogo sana. Wikendi mama alikuwa atupeleka Mall of America, lile duka kubwa la huku, mle ndani kulikuwa na bustani ya michezo iitwayo Camp Snoopy, yenye jina la yule mbwa wa katuni, kuingia ni bure walipia mashine tu, kwa hivyo siku zengine twazunguka tu twaangalia wenzetu. Kuna ile mashine ya magogo ya Paul Bunyan, mwakaa ndani ya gogo lashuka na maji kisha kamera yakupiga mkiwa mwashuka. Tuna picha moja mama mtandio umeruka nyuma, mdomo wazi, ndugu zangu walia na mimi nacheka. Ndiyo picha tuipendayo zaidi nyumbani. Dada yangu ataka kuitia Facebook na kwenye grupu ya ukoo wote wa Mombasa, wajomba, mashemeji, wote wamo. Mama hajaulizwa. Twafikiri tumtie emoji kichwani ama tumkate. Wasemaje?
– Kijana wa Bondeni, sasa Minnesota

JIBU: Wa alaykum salaam baba. Mnajua jibu ndiyo maana mmeniandikia mimi badala ya kumuuliza yeye. Muulizeni. Tena mumuulize akiwa peke yake jikoni, si kwenye grupu ambako akikataa ataonekana mgumu na akikubali atakuwa amekubali kwa haya ya watu.

Emoji hapana. Picha ile bila kichwa cha mama ni watoto wanaopiga kelele ndani ya gogo, ziko maelfu. Kumkata vilevile hapana, utabaki na mkono wake mmoja umemshika mdogo wenu shingoni bila mwenyewe. Ama inatoka nzima ama inabaki nyumbani nzima. Na msidhani moja kwa moja kwamba atakataa, wapo mama wakubwa wanaocheka kuliko nyinyi, huenda akasema wapeleke dada zangu tu waone nilivyoteseka. Basi fungueni grupu ya akina mama na mabinti, watu sita, itumwe humo. Facebook mimi ningeiacha hata akikubali, kwa sababu wajomba wasioiona WhatsApp wataiona huko na yule anayeishea hamtamjua.

Kitu kimoja zaidi, lile kasha la karatasi mliloletewa na picha msilitupe. Camp Snoopy ilifunguliwa pamoja na mall yenyewe 1992, Snoopy akaondoka Januari 2006, na 2008 pale pakawa bustani yenye jina jingine, Nickelodeon Universe. Gogo lenyewe lilibaki hata Snoopy alipoondoka, kwa hiyo watoto wenu wakija kuiona picha maji na gogo havitawaambia mwaka, kasha lenye Snoopy ndilo litakalowaambia.

SWALI: Shangazi mambo. Tuna picha moja tu ya familia nzima tuko Kunduchi, Wet 'n' Wild, ile bustani ya michezo ya maji, watoto na maboya, mimi na kitambi changu cha kwanza. Ilikuwa kwenye fremu ukutani, mvua za masika zikaingia na sasa picha imegandana na kioo. Fundi wa fremu anasema nimwachie aivute. Nimwachie?
– Baba Juni, Tegeta

JIBU: Poa. Usimwachie! Uso wa picha ya studio una tabaka la jelatini, likilowa linakuwa gundi na likikauka limeshikana na kioo, akivuta sura zenu zitabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe itabaki mkononi mwake. Ondoa fremu na karatasi ya nyuma, kioo na picha viache pamoja, kifute kioo kwa juu na kitambaa kikavu, kisha ipige picha kupitia hichohicho kioo. Zima taa za chumbani, vaa shati jeusi ili usijione mwenyewe mle ndani, dirisha liwe ubavuni. Skana nayo inafaa, kioo chako kinalala juu ya kioo chake vizuri tu.

Halafu katafute bahasha ya studio ulipoletewa picha. Watu wengi walitoa picha wakasahau mkanda wa negativu kwenye kile kimfuko cha mbele, na kama upo studio yenye skana ya mikanda itakuchapia nyingine mpya, kitambi na yote. Fundi mpe kazi ya fremu mpya tu, na mwambie aweke kadibodi pembeni ili safari hii picha isiguse kioo. Ile ya zamani ifunge kwenye karatasi safi kavu uiweke juu ya kabati, na si kabati lililoegemea ukuta unaovuja.